Darubini Kuu na Waliorithi Kazi Yake

Wengi wetu tukisikia darubini hufikiri mwanzi wa nahodha. Mwanzi huo watosha baharini, lakini hautoshi kwa nyota zilizo mbali mno. Mwanga wa nyota hizo hutufikia haba, mfano wa manyunyu. Na atakaye kukinga manyunyu hutega sinia pana, hategi kikombe. Kwa hivyo darubini kuu hutumia kioo kipana cha kurudisha mwanga, kilichobonyea kidogo katikati, kikaukusanya mwanga wote mahali pamoja. Kadiri kioo kinavyozidi upana, ndivyo huonekana yaliyofichika.

Katika somo hili twataka kueleza khabari ya darubini ya mlima Palomar, katika nchi ya Marekani, kisha tuulize swali linalotuhusu sisi wenyewe.

Aliyeianzisha ni mtu aitwaye George Ellery Hale. Mwaka 1928 aliahidiwa dola milioni 6 za mali ya Rockefeller, ili pajengwe darubini yenye kioo cha inchi 200, yaani mita 5 na kitu. Kioo kilimiminwa Corning, katika jimbo la New York. Mara ya kwanza, Machi 1934, vipande vya kalibu viling'oka kwa ukali wa moto vikaelea juu, kazi ikaharibika. Disemba ya mwaka ule ule wakamimina tena. Kioo hicho, chenye uzito wa kiasi cha tani 20, kikaachwa kipoe polepole kwa miezi mingi, kwani kioo kipozwacho kwa haraka hupasuka. Mwaka 1936 kilichukuliwa kwa gari la moshi hadi Pasadena, kikasuguliwa. Vita vikaisimamisha kazi. Na mwaka 1948 darubini ikafunguliwa mlimani, chini ya kuba lizungukalo, mbali na taa za miji na vumbi la bondeni.

Hale hakuiona. Alikufa mwaka 1938. Lakini kazi haikufa naye: wako waliosugua kioo, wako waliotunza hesabu, na hata leo darubini ile yafanya kazi, ingawa ziko kubwa zaidi yake.

Sasa tutazame upande wetu. Kabla ya darubini kuvumbuliwa, Ulugh Beg, mtawala Mwislamu wa Samarkand, alijenga nyumba ya kutazamia nyota katika miaka ya 1420. Ndani yake mlikuwa na tao kubwa la kupimia, ambalo nusu ya upana wa duara yake ilikaribia mita 40. Yeye na wanavyuoni wake walipima mahali pa nyota karibu 1,000, wakaziandika kwa usahihi ambao wakati ule haukuwa na mfano. Mwaka 1449 aliuawa, kwa amri ya mwanawe mwenyewe. Ali Qushji, mwanafunzi wake, aliihamisha elimu yake hadi Istanbul. Ama nyumba ile iliachwa ikabomoka, ikafukiwa, hata mabaki yake yakaja kufukuliwa mwaka 1908. Na ile orodha ya nyota? Mwaka 1665 ilipigwa chapa Oxford, huko Uingereza.

Basi tusiseme kuwa wenzetu wametushinda kwa akili, wala kwa mali peke yake. Ulugh Beg alikuwa na vyote viwili. Lililokosekana Samarkand ni watu wa kuishika kazi baada ya mwenyewe kuondoka. Na swali letu ni hili: ni madarasa mangapi katika miji yetu yaliyofungwa siku aliyozikwa mwalimu wake, vitabu vikaliwa na mchwa? Twajisifu kwa waanzishaji, na warithi hatuwatayarishi.

Kila mwenye darasa, na sisi tukiwa wa kwanza, ajiulize leo: nikifa usiku huu, nani atafungua mlango kesho asubuhi?