Oili katika Mabomba ya Intakula: Tupime Kabla ya Kununua Tabo



Mwaka jana gereji moja ilitushauri tununue tabo mpya ya gari la mradi, kwa sababu tu mabomba ya intakula yalikuwa na oili. Tukaamua kupima kwanza.

Utando mwembamba wa oili ni kawaida, maana mvuke wa injini huingia katika njia ya hewa kabla ya tabo. Oili ikituama, zimeni injini, ipoe, kisha:

1. Angalieni kama oili imezidi alama ya juu, au chujio la hewa limeziba.
2. Fungueni bomba la kabla ya tabo. Likiwa limelowa sana, huenda ringi zimechakaa. Likiwa kavu na la baada ya tabo limelowa, kagueni tabo, bomba lake la kurudisha oili na bomba la kupumulia injini.
3. Tikiseni shafti ya tabo. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Panga zikigusa ganda, imechakaa.

Msipuuze oili nyingi: injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuzidi kunguruma hata mkizima ufunguo.

Kwetu, bomba la kupumulia ndilo lililoziba. Lilisafishwa, na fedha ya tabo ikabaki kwa kazi ya visima.