Mgongano au Upokezanaji? Istilahi ya Sehemu za Programu Zinazotumia Anwani Moja

Makala haya yanachunguza dhana moja ya taaluma ya kompyuta ambayo ufundishaji wake kwa Kiswahili huzua utata. Katika kompyuta za chipu moja zinazofungwa ndani ya mizani, pampu au taa, kumbukumbu ya kazi ni finyu. Kwa hiyo sehemu mbili au zaidi za programu huweza kupangwa zitumie anwani ileile, kila moja kwa zamu yake. Mpangaji wa anwani hizo ni programu-unganishi. (Neno "kiunganishi" lingefaa zaidi, lakini wanasarufi wamekwisha kulitwaa.)

Tafsiri inayojitokeza upesi ni "mwingiliano". Tafsiri hiyo haitoshi, kwa kuwa inachanganya mambo mawili. Programu-unganishi ya GNU, iitwayo ld, hukagua anwani, na sehemu mbili zikikaliana bila kukusudiwa hutoa ujumbe wa kosa. Huo ni mgongano. Papo hapo programu hiyohiyo ina amri ya OVERLAY, ambayo huziweka sehemu kadhaa katika anwani moja kwa makusudi. Huo ni upokezanaji, na haustahili jina la kosa.

Mkazi wa Mwanza anaifahamu hali hii. Katika mialo ya Ziwa Viktoria, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa na kuanikwa jua linapotoka. Mchanga ulioanikiwa dagaa wa mtu mmoja huweza baadaye kutandazwa nyavu za mwingine. Wawili hao hawagombani, maadamu zamu inaheshimiwa.

Hata hivyo, mfano huo una mpaka wake. Dagaa wakizolewa, mchanga hubaki mtupu. Sehemu ya programu hunakiliwa tu, na asili yake hubaki katika kumbukumbu ya kudumu. Ndiyo maana kila sehemu ina anwani mbili: ya ghalani, isiyotumiwa na sehemu nyingine, na ya kazini, inayopokezanwa. Sehemu za kilobaiti 6, 9 na 4 zingehitaji kilobaiti 19 za nafasi ya kazi. Zikipokezana, zinatosheka na 9, yaani ukubwa wa ile kubwa kuliko zote.

Programu-unganishi hupanga tu. Haimwamshi mtu zamu ifikapo. Kunakili ni wajibu wa mtunzi wa programu, na iwapo ataita kazi iliyomo katika sehemu isiyokuwapo, kichakato hakitambui. Hutekeleza amri zozote zilizopo mahali hapo. Kwa sababu hiyo ld ina kipengele cha NOCROSSREFS, kinachokataa sehemu zinazopokezana zisitajane. Tena, data iliyobadilishwa kazini hupotea zamu inapokwisha, isipokuwa imerudishwa ghalani kwanza. Neno "mwingiliano" halimdokezei mwanafunzi lolote kati ya haya, ilhali "zamu" humfanya aulize mara moja ni nani aliyepo sasa.