Kushuku na Kuchungua

Kuishuku khabari si aibu; kukataa kuichungua ndiyo hasara.

Mwezi wa Oktoba 2023 sisi watu wa Kenya zilitufikia khabari mbili. Ya kwanza, petroli mjini Nairobi imefika shilingi 217.36 kwa lita. Ya pili, mvua za vuli zitakuwa kubwa, kwani maji ya bahari ya Pasifiki, na ya Bahari ya Hindi upande wetu, yamepata joto kupita kawaida. Wengi walizitupa zote mbili katika kapu moja, wakasema, "Uwongo wa wakubwa!"

Ama petroli, hesabu yake hutangazwa kila tarehe 14 ya mwezi: gharama ya kuileta, faida ya wauzaji, na kodi. Mwenye kuitazama ataona kuwa VAT yake ilipandishwa Julai 2023 kutoka asilimia 8 hata 16. Alalamikaye kwa hesabu hiyo ana hoja mkononi.

Ama mvua, zilipokuwa bado hazijanyesha kwa nguvu, watu walicheka. Novemba mafuriko yakafika Mombasa, Kwale na Tana River, na katika nchi nzima wakafa watu zaidi ya 100. Mtabiri wa mvua hadai kujua ghaibu. Husema lielekealo kuwa, kwa dalili alizozipima.

Basi na tuulize, "Dalili yake ni ipi?" kisha tulisikilize jibu. Achekaye kabla ya kuuliza hamkomeshi mwongo. Hujinyima siku za kuzibua mfereji wa nyumba yake.