Maiastenia na Dawa za Dukani

Maiastenia gravisi ni ugonjwa adimu, si kurogwa. Kinga ya mwili hushambulia mahali ambapo mishipa ya fahamu hupeleka amri kwenye misuli. Kope hushuka, mtu huona vitu viwili viwili, kutafuna humchosha. Akipumzika, nguvu hurejea kwa kiasi.

Dawa yake ya kila siku, piridostigmini, hudumu mwilini kwa saa chache tu. Kwa hiyo humezwa mara kadhaa kwa siku, kwa saa alizopanga daktari. Mgonjwa asiiache, wala asiongeze kidonge kwa hiari yake anapolegea: kipimo kikizidi, mate hujaa, tumbo husokota na kuharisha, na misuli hulegea zaidi, hata ile ya kupumulia.

Hata hivyo, hatari isiyotazamiwa hutoka kwenye dawa nyingine. Kwinini, siprofloksasini, azithromaisini na sindano ya jentamaisini zaweza kumzidishia udhaifu ghafla. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria malaria haiko mbali, na wengi hukimbilia kwanza duka la dawa muhimu. Mgonjwa aende na karatasi yenye jina la ugonjwa wake, aioneshe kabla ya kupokea dawa yoyote. Malaria ipimwe kwanza. Ikionekana, mganga ataandika tiba isiyo kwinini.

Pumzi ikiwa nzito au mate yakishindikana kumezwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane.