Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Kuyasoma Maoni ya Watazamaji Kuhusu Tamthilia ya Runinga "V" (1983)

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa maoni yake kuhusu kazi aliyoisoma au kuitazama, aghalabu hujibu kwa neno moja: inapendeza, au inachosha. Jibu hilo si kosa, ila halijawa uhakiki. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi maoni ya watazamaji yanavyoweza kuwa mlango wa kuingilia katika uhakiki, mradi tu mhakiki asisimame mlangoni. Kielelezo chetu ni *V*, tamthilia fupi ya bunilizi ya kisayansi iliyoandikwa na kuongozwa na Kenneth Johnson na kuonyeshwa kwa sehemu mbili na shirika la NBC nchini Marekani mnamo Mei 1983. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na bado watazamaji wake hawajaafikiana juu yake.

2.0 Muhtasari wa Tamthilia

Vyombo hamsini vikubwa mno vya angani vinatanda juu ya miji mikuu ya dunia. Wanaoshuka humo wana sura za binadamu na wanajiita Wageni. Wanaomba kemikali na madini ya kuinusuru sayari yao, na kwa malipo wanaahidi kuwagawia wenyeji maarifa yao ya sayansi. Waswahili husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa Los Angeles wanaiamini ahadi hiyo.

Punde wanasayansi, watu ambao wangeweza kuutambua uongo huo mapema, wanasingiziwa njama, wanasajiliwa, kisha wanaanza kutoweka. Vijana wanaingizwa katika kikosi cha marafiki wa Wageni. Mike Donovan, mpigapicha wa habari za runinga, anapenya ndani ya chombo kimojawapo na kugundua kwamba chini ya ngozi ya bandia Wageni ni viumbe wa jamii ya mijusi. Anapotaka kuitangaza picha aliyoinasa, matangazo yanakatwa, naye anatangazwa kuwa mhalifu anayesakwa. Baadaye inabainika kuwa Wageni wamekuja kuchukua maji ya dunia, na watu wenyewe kama chakula.

3.0 Msingi wa Nadharia

Mihimili miwili inatosha kwa mjadala huu. Wa kwanza ni wa Hans Robert Jauss, aliyeeleza kuwa kila hadhira huipokea kazi ikiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi nyingine ilizozizoea. Wa pili ni wa Stuart Hall, ambaye mwaka 1973 alidai kuwa ujumbe wa runinga husimbwa na mtayarishaji na kusimbuliwa na mtazamaji, na kwamba mtazamaji anaweza kuukubali ujumbe, kujadiliana nao au kuupinga. Kwa hiyo maoni yanatuarifu mambo mawili kwa pamoja: hali ya kazi, na mahali aliposimama anayeitazama.

4.0 Makundi ya Maoni

4.1 Wanaopima ufundi. Kundi hili huona kuwa tamthilia imezeeka. Mandhari za vyombo vya angani na mapigano ya silaha za mwanga haziwaridhishi tena, na tukio mashuhuri la Diana, kiongozi mmojawapo wa Wageni, kummeza mnyama mdogo wa jamii ya panya mzimamzima huwachekesha badala ya kuwatisha. Hapa hoja ya Jauss inatufaa. Upeo wao umejengwa na filamu za kompyuta zilizokuja baadaye, ilhali hadhira ya 1983 haikuwa nao. Maoni yao ni ushahidi wa mabadiliko ya hadhira kuliko ushahidi wa udhaifu wa kazi.

4.2 Wanaosoma istiara. Hawa huona Unazi kila upande: sare, nembo inayokaribia ile ya Wanazi, vijana waliopangwa vikosi, jirani anayemchongea jirani. Mhimili wao ni Abraham Bernstein, mzee aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi. Mwanawe anapoogopa kuificha familia ya mwanasayansi Maxwell, mzee anamkumbusha jinsi mkewe alivyokufa, na kwamba wasipoificha watakuwa hawakujifunza lolote. Ni yeye pia anayewafundisha vijana kuchora herufi V, ishara ya ushindi, juu ya mabango ya Wageni. Kwa kundi hili, tamthilia ni onyo.

4.3 Wanaoipinga istiara. Hawa wanauliza swali zito. Ikiwa mdhalimu ni mjusi aliyevaa ngozi ya mtu, je, udhalimu haujaondolewa katika ubinadamu? Wanazi hawakuwa mijusi. Walikuwa watu, wenye watoto na majirani. Kwa mtazamo huu, kinyago kinampa mtazamaji faraja asiyoistahili: ubaya umetoka mbali, nasi tu wema.

5.0 Tathmini

Tuyapime sasa maoni hayo kwa kuirejelea kazi yenyewe. Historia ya uandishi wake inawapa nguvu wapinzani. Johnson aliathiriwa na riwaya ya Sinclair Lewis, *It Can't Happen Here* (1935), inayosimulia jinsi mwanasiasa wa Kimarekani anavyochaguliwa kuwa rais na kugeuka dikteta. Muswada wa kwanza wa Johnson ulifuata njia hiyo, bila kiumbe yeyote wa angani. Wakuu wa runinga walitaka bunilizi ya kisayansi, na mafashisti wa nyumbani wakageuzwa kuwa wageni wa kutoka nje. Basi kinyago hakikuwekwa na sanaa peke yake. Biashara nayo ilikuwa na mkono.

Hata hivyo, wapinzani wanawaangalia wenye vinyago na kuwasahau wasiovivaa. Daniel, mjukuu wa mzee Bernstein, anawasaliti waliofichwa na babu yake. Eleanor, mamake Donovan, anajipendekeza kwa watawala wapya. Mwanahabari Kristine Walsh anakubali kuwa msemaji wao. Hakuna kati yao aliye na magamba chini ya ngozi. Hapa ndipo Johnson alipoliokoa swali la Lewis: alilitoa kwa mtawala akalipeleka sebuleni kwa mwenyeji. Wanaosoma istiara wakitafuta Unazi katika sare tu, nao pia wanaupoteza uzito huo.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mhusika Willie anaongeza hoja. Mgeni huyu alifunzwa Kiarabu kwa matarajio ya kupelekwa kwingine, akajikuta Los Angeles akiboronga Kiingereza. Watazamaji wengi humkumbuka kwa vichekesho. Lakini tukimlinganisha na Diana tunaona mpangilio wa maana: msema fasaha ndiye mwongo, na anayekosea maneno ndiye mkweli. Willie anawasaidia wenyeji, na hivyo kuvunja kauli kuwa kila mwenye magamba ni adui.

Msomaji wa *Kusadikika* (1951) hatashangazwa na mbinu hii. Shaaban Robert aliiweka nchi yake hewani, na wasomaji wakaona ndani yake dhuluma ya ardhini. Umbali wa mandhari hauondoi ukweli. Huenda ukampa msanii nafasi ya kuusema.

6.0 Hitimisho

Tumeona kuwa maoni matatu yanayoonekana kupingana yamegusa pande tatu za kazi moja: umbo lake, ujumbe wake na mipaka ya istiara yake. Hakuna lililokuwa la kutupwa, wala lililotosha peke yake. Maoni huanza kuwa uhakiki pale mwenye kuyatoa anapokubali kurudi katika kazi na kuulizwa: umeyaona wapi? Nayo *V* inatukumbusha kuwa zoezi hilo si la darasani tu. Wenyeji wa Los Angeles waliupokea ujumbe wa Wageni kama ulivyosimbwa, na waliouhoji walikuwa wachache. Methali yetu haikumwahidi mwenyeji kuwa kila mgeni ni tabibu.

Maswali ya Mjadala

1. "Kinyago cha mjusi kinaudhoofisha ujumbe wa *V*." Jadili kwa kurejelea wahusika wawili wasio na kinyago.
2. Chagua kazi moja ya Kiswahili yenye mandhari ya kubuni. Eleza jinsi upeo wa matarajio wa wasomaji wa leo unavyotofautiana na wa wasomaji wake wa kwanza.