SOMO: CHUMBA KIDOGO, KAZI NYINGI (NAMNA WAJAPANI WANAVYOZOEA KUBANANA)

Wandugu wanafunzi, na zaidi ninyi wadogo wetu wa mwaka wa kwanza,

Juma lililopita wawili kati yenu waligombana mu dortwari sababu ya mahali pa kuweka sanduku. Sisi wakubwa tulitoa azabu. Lakini azabu haikuongeza mahali. Basi tulitafuta mafundisho kwa watu waliozoea kubanana tangu zamani, ni Wajapani.

1. Sababu gani wanabanana?

Japani ina kilometre za mraba karibu 378.000. Inchi yetu ya Kongo inaipita zaidi ya mara sita. Lakini kule kuko watu zaidi ya milioni 120, na sehemu kubwa ya inchi ni milima, kwa hiyo watu wanajaa mu tambarare chache. Tena vita iliyokwisha mwaka 1945 iliunguza miji mingi, watu wengi wakakosa nyumba. Kuanzia 1955 shirika la serikali lilijenga majumba marefu yenye vyumba vidogo. Mwaka 1979 ripoti moja ya Jumuiya ya Ulaya ilisema Wajapani wanakaa mu vibanda vya sungura!

2. Wanafanya namna gani?

Chumba cha desturi kinapimwa kwa mikeka minene inayoitwa tatami. Mkeka mmoja ni karibu sentimetre 90 kwa 180, sawa na mtu mmoja kulala. Chumba cha mikeka 6 kina metre 2,7 kwa 3,6 hivi.

Usiku wanatandika futon, ndiyo godoro la kukunja. Asubuhi wanalikunja na kulificha mu kabati ya ukutani. Kisha wanaleta meza fupi: ni chumba cha kula. Wakimaliza, watoto wanasoma palepale. Munaona? Chumba hakikuongezeka, ni kazi zake zinazopeana zamu.

3. Kuzoea ni kazi ya kila siku

Musifikiri wanakunja futon kwa kupendeza macho tu. Mtu anatoka jasho usiku, na wakati wa mvua za mwezi wa sita hewa inakuwa na maji mengi. Futon ikibaki chini siku nyingi, inashika ukungu pamoja na mkeka. Kwa hiyo jua likitoka wanaianika. Viatu vinabaki mlangoni. Milango ya ndani ni ya karatasi, sauti inapita. Basi kila mtu anajifunza kusema polepole. Na kisichoenea nyumbani kinafanywa inje: nyumba nyingi hazikuwa na bafu, watu wakaenda kuoga mu bafu kubwa ya mtaa.

4. Tusijidanganye

Wajapani wenyewe hawasemi kubanana ni kuzuri. Wengi walihamia mbali na mji wapate nafasi, na kila siku wanapoteza saa nyingi mu treni. Wazee wanachoka kuinua futon, wananunua kitanda.

Tena kuko mfano wa Tokyo. Mwaka 1972 mjenzi Kisho Kurokawa alimaliza jumba la vyumba 140, kila kimoja metre za mraba 10 hivi, kama masanduku yaliyobandikwa. Mpango ulikuwa kubadilisha vyumba kila miaka 25. Havikubadilishwa hata mara moja. Vilizeeka, vikavuja, na mwaka 2022 jumba lilibomolewa. Ndiyo kusema: chumba kidogo bila utunzaji wa kila siku hakidumu, hata kama kilichorwa na fundi mkubwa.

5. Na sisi je?

Kwetu tunauliza kila mara: « Mahali hapa ni pa nani? » Mjapani anauliza: « Saa hii mahali hapa ni pa kazi gani? » Maulizo haya mawili hayafanani. La kwanza linaleta ngumi.

Tukiri jambo moja. Pembe ya dortwari iliyo kubwa kuliko zote ilijaa vitu vyetu sisi wakubwa, na vingi hatuvitumii. Tuliwaazibu wadogo, kumbe mahali tulipakalia sisi. Tangu juma tatu pembe hiyo iko wazi. Masanduku yote yatakaa pale, na palipobaki ni pa kusomea mangaribi.

Maulizo ya kujipima

a) Sababu gani futon inakunjwa kila asubuhi?
b) Jumba la Tokyo lilikosa nini?
c) Kitu gani chako kinakalia mahali bila kazi?

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita