Rekoda ya Kununua Ukiiwazia Januari: Vidokezo kwa Fundi Sauti wa Eden Prairie

Kila mwenye kamera katika jumuiya yetu hapa Minnesota ameshapokea simu ile: "Kaka, Jumamosi tuna shughuli, njoo utuchukulie video." Atafika na kamera mbili, droni na taa tatu. Sauti je? "Aa, kamera ina maiki yake." Wiki mbili baadaye bibi yake bwana harusi, huko Morogoro, anafunguliwa video kwenye simu ya mjukuu. Anamwona mchungaji akifumbua mdomo, ila anachosikia ni feni ya ukumbi.

Basi umeamua kununua rekoda yenye mikseri ndani yake, kile kisanduku kinachoning'inia tumboni kwa fundi sauti. Karibu kundini. Kabla hujatoa kadi ya benki, soma haya.

1. Iwazie Januari

Jioni ya Julai kando ya Purgatory Creek, kijito chetu chenye jina la toharani, kila rekoda ni nzuri. Ya kwanza niliinunua Julai. Januari iliyofuata nikaitwa kurekodi mazishi. Ilikuwa nyuzi 21 chini ya sifuri, na upepo juu. Wazee wamezunguka kaburi, mchungaji amefungua kitabu, nami nagusa kioo cha rekoda kwa kidole chenye glavu. Kimya. Nikavua glavu, nikagusa tena, menyu ikafunguka taratibu kama mlango wa ghala. Nilipoanza kurekodi, betri za alkali nilizozitoa kwenye pakiti asubuhi ile zikaonyesha nusu, kisha robo, kisha giza. Ibada ya dakika 40, familia ikapata dakika 9.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si "ina uwezo gani?" bali "naweza kuiendesha nikiwa na glavu?" Nenda dukani na glavu zako, hata kama ni Agosti na muuzaji anakushangaa. Zungusha kila nobu. Zile ndogo kama punje za mahindi, zilizobanana, zitakusumbua. Kitu unachokihitaji katikati ya kazi, yaani geini, sauti ya hedfoni na kuanza kurekodi, kiwe na nobu au kitufe chake. Kioo cha kugusa kibaki kwa mambo unayopanga nyumbani.

2. Hesabu midomo, si wageni

Harusi ya watu 300 huenda ikawa na midomo minne tu inayohitaji maiki: mchungaji au shehe, bwana harusi, bibi harusi na MC. Ongeza waya mmoja kutoka kwa DJ na maiki moja ya kunasa ukumbi. Sita hizo. Mahojiano ya filamu fupi ni midomo miwili, basi.

Sasa linganisha. Zoom F3 ina matundu mawili ya XLR. MixPre-3 II ina matatu, MixPre-6 II manne, Zoom F6 sita, Zoom F8n Pro manane. Hizo MixPre ni za Sound Devices, kampuni ya Reedsburg, mji mdogo wa jimbo jirani la Wisconsin, kwa hiyo sisi wa huku tunazichukulia kama mazao ya shamba la jirani.

Ushauri wangu: hesabu midomo ya kazi unazozipata sasa, ongeza tundu moja, ishia hapo. Kumbuka, anayenunua yenye manane ili "akue nayo" hubeba mzigo wa manane kwa kazi ya mawili. Ila hakikisha kila tundu linahifadhiwa kwenye faili lake, mbali na mchanganyiko wa pamoja. MC akikohoa juu ya kiapo cha ndoa, utamnyamazisha peke yake.

3. Biti 32, na shangazi wa vigelegele

Matangazo ya siku hizi yote yanaimba biti 32 floti. Kwa shughuli zetu si mbwembwe tupu. Rekoda ya biti 24 inakutaka ukisie mapema sauti itapanda kiasi gani. Ukikosea, kilele chake kinakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Na shangazi wa bibi harusi hatoi taarifa. Umepima sauti ya mchungaji anayenong'ona dua, mara shangazi huyo anasimama nusu mita kutoka kwenye maiki na kupiga vigelegele vya kuamsha mji. Kwa biti 24 hapo limita inahangaika na faili linakwaruza. Kwa biti 32 floti unateremsha sauti ile kwenye kompyuta, nayo inatulia ikiwa nzima. Matari ya kaswida na risala ya mzee asiyependa maiki hunufaika vivyo hivyo. Zoom F3 imeuamini mfumo huu kiasi kwamba haina nobu ya geini kabisa.

Lakini msomaji, sikiliza vizuri hapa, maana nimeona watu wakilia. Biti 32 hulinda kile kilichofika kwenye rekoda kikiwa salama. Maiki yenyewe ikizidiwa, au kile kisambazaji kilichofungwa kiunoni kwa bwana harusi kikizidiwa, sauti inafika ikiwa imeshaharibika, na rekoda itakuhifadhia uharibifu huo kwa uaminifu mkubwa. Geini ya kisambazaji bado ni kazi yako.

4. DJ si adui, ila waya wake ni wa kuogopa

Sauti inayotoka kwenye mikseri ya DJ ni ya kiwango cha laini, kubwa mara nyingi kuliko ya maiki. Rekoda unayonunua lazima ikuruhusu kuchagua laini kwa kila tundu. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingine hazikupi nafasi hiyo. Pia iruhusu kuzima zile volti 48 tundu kwa tundu, kwa sababu maiki ya kondensa inazihitaji na mikseri ya DJ haina haja nazo.

Kisha kuna mngurumo. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, wa kwetu Afrika Mashariki ni 50, lakini ukifunga waya kati ya vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti, mngurumo ni ule ule wa nyuki mzingani. Dawa yake ni transfoma ndogo ya kutenganisha, unaiweka katikati ya waya. Rekoda ikitumia betri, mara nyingi hata mngurumo wenyewe hautokei.

5. Umeme wa kutosha, kisha wa akiba

Rekoda inayokula betri ndogo za AA peke yake ni ya mahojiano mafupi. Kwa shughuli ya kutwa tafuta inayokubali zaidi ya njia moja. Zoom F6, kwa mfano, inachukua AA nne, betri kubwa za Sony za aina ya L zile za kamera, na pia USB-C kutoka pawabenki. Njia moja ikifa, nyingine inaendelea.

Baridini achana na AA za alkali, nunua za lithiamu. Ni ghali, lakini zinastahimili barafu.

6. Jaribu kimya chake

Usisikilize muziki dukani. Chomeka maiki, vaa hedfoni, pandisha geini hadi karibu na mwisho, kisha nyamaza. Ule mvumo kama wa mvua ya mbali ndio priampu yenyewe, yaani kikuza sauti cha maiki kilichomo ndani ya rekoda. Rekoda nzuri huvuma kidogo mno. Mtu anayesimulia habari za marehemu husema polepole, na mvumo mkubwa utamfunika.

7. Maiki zisizo na waya: usinunue kesi

Mtandaoni utaona seti ya maiki zisizo na waya, ya kampuni kubwa, kwa robo ya bei. Kabla hujafurahi, tazama namba ya masafa. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliuza kwa mnada masafa ya megahezi 600 mwaka 2017, yakaenda kwa kampuni za simu. Tangu Julai 13, 2020, sehemu kubwa ya masafa kati ya megahezi 614 na 698 hairuhusiwi kwa maiki. Zile za juu yake, hadi 806, zilishakatazwa tangu 2010. Ndiyo maana seti inauzwa bei ya njugu.

8. Kadi

Hesabu fupi. Njia moja ya sauti, hezi 48,000 na biti 24, hula takriban MB 520 kwa saa. Njia sita ni GB 3.1 kwa saa, na kwa biti 32 floti zinapita GB 4. Shughuli zetu, unazijua, kadi ya mwaliko inasema saa nane mchana na ndoa inafungwa saa kumi na moja. Rekodi saa nane mfululizo kwa biti 32, na kadi ya GB 32 itakufia kabla ya neno la shukrani. Chukua ya 128. Rekoda yenye nafasi mbili za kadi, kama F8n Pro, huandika nakala mbili kwa wakati mmoja. Ukishalipwa kwa kazi, hiyo ni sababu tosha ya kuongeza dola.

9. Ndege za Flying Cloud hazina dawa dukani

Eden Prairie ina historia yake ya filamu. Kevin Smith alipiga *Mallrats* ndani ya Eden Prairie Center, na ikatoka mwaka 1995. Ndani, sawa. Nje ni habari nyingine. Staring Lake ni pazuri kwa picha za maharusi, ila uwanja wa ndege wa Flying Cloud uko pale pale jirani, na ndege ndogo za wanafunzi huzunguka juu kama kunguru juu ya soko la samaki. Hakuna rekoda, ya dola 300 wala ya 3,000, itakayoondoa ndege kwenye kiapo.

Kinachosaidia ni kusogeza maiki. Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa nyimbo za Afrika, alipofika Kapkatet, Kenya, mwaka 1950 kuwarekodi Wakipsigis, hakuwa na njia nane wala floti. Alishika maiki kwa mkono wake na kuisogeza kwa anayeimba, na rekodi zile zinasikilizwa hadi leo. Kwa hiyo ukiwa na dola 1,000, usizimalize zote kwenye kisanduku. Rekoda ya matundu mawili, maiki nzuri ya kifuani, fito ya kushikia maiki na manyoya ya kuzuia upepo vitakupa sauti bora kuliko rekoda ya matundu manane na maiki ya kuokoteza.

10. Ukirudi ndani, usifungue begi

Rekoda iliyokaa barafuni saa mbili ikiingia kwenye chumba chenye joto na masufuria ya pilau yanayofuka mvuke, hutokwa jasho kama chupa ya soda. Jasho hilo hulowesha maiki na kuingia kwenye matundu. Ifunge begini ukiwa bado nje, iache hivyo saa nzima au zaidi, hata kama jamaa wanataka kusikia sauti zao papo hapo. Wape chai kwanza.

Na betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Si wa nje.